Jaribio Wanalishangilia, Mtihani Wanafeli

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kemia na baiolojia katika shule ya kata moja wilayani Chamwino. Tangu mwalimu wa fizikia ahamishwe nimeongezewa na fizikia ya kidato cha kwanza na cha pili, ingawa mimi na fizikia tuliagana nilipomaliza kidato cha nne.

Jengo la maabara tunalo. Lina bati, lina madirisha, hata sinki lipo. Ila maji hayafiki kwenye sinki, gesi hakuna, na vifaa vyenyewe ni bireti mbili (ile mirija mirefu yenye alama za kupimia vimiminika), moja imevunjika mdomo, mirija ya kuhesabika na chupa za kemikali ambazo lebo zimeshafutika. Kwa sasa jengo ni stoo ya madawati mabovu. Darasa langu dogo kuliko yote lina wanafunzi zaidi ya 80.

Nilipofika nilijiapiza sitafundisha sayansi kwa chaki peke yake. Nikawa natazama video kwenye simu, tena mtandao kwetu mpaka upande kichuguu, halafu naja kuwaonyesha. Nimewafanyia volkano ya siki na magadi. Nimeliingiza yai lililochemshwa ndani ya chupa. Nimejaza puto kwa hewa inayotoka kwenye siki na hamira ya unga. Wanafunzi wanafurahi mno, wananiita Madamu Volkano, na watoto wa madarasa mengine wanajazana dirishani.

Tatizo ni mtihani. Niliwauliza, "Eleza kwa nini puto lilijaa." Zaidi ya nusu ya darasa wakaandika: kwa sababu mwalimu aliweka siki. Maksi zao hazina tofauti na za mkondo wa pili, ambao mwenzangu anawaandikia notisi ubaoni toka kengele ya kuingia hadi ya kutoka. Mwalimu wa taaluma aliniambia mbele ya wenzangu, "Madamu, hapa hatufundishi sarakasi, maliza mada." Juzi mama mmoja akaja shuleni analalamika kwamba mtoto kachukua unga na siki nyumbani, eti mwalimu kaagiza.

Kuna jingine dogo. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Madamu, mbona maji ya kisima chetu sabuni inakataa kutoa povu, ya mvua povu linamwagika?" Nikamwambia hiyo ni mada ya kidato cha tatu, avute subira.

Sasa nauliza: nirudi kwenye notisi kama wenzangu? Kama siyo, vifaa na mawazo ya kufundishia nivipate wapi, na kundi la watoto 80 nilishike vipi?

Wako,
Madamu wa Chamwino

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Usirudi kwenye notisi. Lakini na volkano nayo ipumzishe.

Hebu lisome tena lile jibu la wanafunzi wako: "kwa sababu mwalimu aliweka siki." Umelichukulia kuwa ni ujinga. Mimi nasema wamejibu kwa uaminifu kabisa. Walichokiona ni mwalimu akiweka siki, kisha puto likijaa. Hakuna aliyewataka wakisie kitakachotokea, hakuna aliyewapa cha kupima, hakuna aliyewaambia wabishane. Walikaa wakatazama, wakapiga makofi. Mwalimu wa taaluma ana mdomo mkali, na kukusema mbele ya watu si uungwana, lakini neno lake la sarakasi lina chembe ya ukweli: kwenye sarakasi mtazamaji haulizwi kitu.

Maonyesho yanageuka jaribio pale mwanafunzi anapokuwa ameweka neno lake rehani. Kabla hujagusa kitu chochote, kila mmoja aandike kwenye daftari atakachokiona na sababu yake, kwa kalamu ya wino, siyo penseli ya kufutika. Halafu kipatikane cha kupima: matone, sekunde, sentimeta, nyuzi joto. Halafu waliokosea kukisia wajieleze, na waliopatia nao wajieleze, maana wengi hupatia kwa bahati. Vifaa vinakuja baada ya hayo yote. Maabara yenye kila kitu, mwalimu akiitumia kwa kushangaza watoto tu, itakupa majibu yaleyale ya "mwalimu aliweka siki".

Sasa huyo kijana wa sabuni.

Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tanganyika, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake shuleni. Aliweka mchanganyiko wake wa maziwa na sukari kwenye friza ukiwa bado wa moto, na wake ukaganda kabla ya ule ulioachwa upoe kwanza. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka; alirudi chuoni, likajaribiwa, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanafizikia duniani wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, na wanaliita kwa jina la Mpemba. Utalitumia darasani siku yoyote unayotaka, lakini kwanza nalitumia kwako: huyo kijana wa kidato cha pili amekupa somo lenye uhai kuliko video zote ulizopandia kichuguu. Usimwambie asubiri kidato cha tatu.

Ugumu wa maji, yaani maji kukataa povu la sabuni, uko kwenye mada za kemia za kidato cha tatu, ni kweli. Ila Dodoma nzima inaishi ndani ya mada hiyo. Mji umetegemea visima vya bonde la Makutupora kwa miaka mingi, na vijijini ni visima vya pampu. Kila mama anajua birika linavyoota ukoko mweupe kwa ndani. Mtoto wa Dar inabidi umsimulie. Wako amefua nayo jana.

Fanya hivi. Chukua kipande cha sabuni ya mche, kikwangue, kiyeyushe kwenye maji ya mvua. Sabuni ya unga usiiguse, hiyo imetengenezwa kwa namna nyingine na hutoa povu hata kwenye maji magumu. Itakuharibia somo zima. Tafuta chupa za plastiki za nusu lita zenye vifuniko. Kila kikundi kiwe na chupa nne, kila moja na mililita 50 za maji: ya mvua, ya kisima, ya kisima yaliyochemshwa yakapoa na kutulia, na ya kisima yaliyokorogwa na magadi kidogo kisha yakaachwa yachujike. Kwa sindano isiyo na ncha, watie maji ya sabuni mililita moja, watikise, watazame. Povu likizama kabla ya dakika moja, waongeze nyingine. Wahesabu mpaka lisimame.

Kabla ya kuanza waandike: chupa ipi itamaliza sabuni nyingi kuliko zote? Ya pili ipi? Kwa nini? Hapo utasikia mambo. Karibu wote watakuambia maji ya kisima hayatoi povu kwa sababu yana chumvi, kwani hivyo ndivyo tunavyoyaita huku kwetu, maji ya chumvi. Usiwasahihishe. Waletee chupa ya tano: maji ya mvua uliyotia chumvi ya mezani, pinchi moja kwenye lita nzima. Watatikisa, na povu litatoka bila shida. Sasa waambie waeleze. Chumvi ipo, povu lipo. Kumbe kinachogombana na sabuni si chumvi ya kula, ni kalisiamu na magnesiamu zilizoyeyuka kutoka kwenye miamba. Zikikutana na sabuni zinatengeneza ule utando wa kijivu unaoganda pembeni ya beseni, na sabuni haianzi kutoa povu mpaka imalize kazi hiyo. Mwanafunzi aliyeandika kwa wino kwamba ni chumvi, akaona mwenyewe siyo, hatasahau hata ukimwamsha usiku.

Tazama kisha namba zao. Maji yaliyochemshwa yatakula sabuni kidogo kuliko yasiyochemshwa, lakini pengine bado nyingi kuliko ya mvua. Mwanya wa kwanza ni ugumu wa muda, unaoondoka kwa kuchemsha na kubaki kama ukoko kwenye birika. Mwanya uliosalia ni ugumu wa kudumu, nao unaondolewa na magadi. Maneno hayo mawili ambayo wanafunzi wa miaka yote hukariri na kuyachanganya, wako watakuwa wameyahesabu kwa mililita. Kwenye visima vingine tofauti itakuwa kubwa, kwingine ndogo, na hiyo pia ni habari: kila mtoto alete maji ya kitongoji chake, mchore grafu ya nguzo, mtakuwa na ramani ya maji ya kata ambayo hata ofisi ya kata pengine haina.

Ukoko wa birika nao usiutupe. Uangushie ndimu, utachemka mapovu. Hewa hiyo iongoze kwa mrija wa dripu ipite kwenye maji ya chokaa, yatageuka meupe kama maziwa. Maji ya chokaa unayatengeneza kwa chokaa ya kupakia ukuta: koroga, acha usiku kucha, mimina maji ya juu yaliyo safi. Tafuta chokaa mpya iliyofungwa vizuri, ile iliyokaa wazi muda mrefu imeshakula hewa na haitakupa kitu. Na sasa puto lako la siki lina pa kurudi: ni hewa ileile, kabonidioksidi. Hapo ndipo volkano inapopata maana, ikija mwishoni badala ya mwanzoni.

Umeona tulipofika? Kutoka kwa swali la sabuni tumegusa ugumu wa maji, asidi na kabonati, utambuzi wa gesi, kuchuja, vipimo na grafu. Ndiyo maana nakwambia usikimbizane na video thelathini. Chagua mambo matano au sita kwa mwaka, yawe mazito, uyarudie kila mada inapoyagusa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao barua yako haikuutaja ila naunusa: lugha. Mtihani ni wa Kiingereza. Mtoto wako anafikiri kwa Kiswahili, na nyumbani pengine kwa Kigogo. Ukimlazimisha abishane kwa Kiingereza hatabishana, atanyamaza, na wewe utadhani ameelewa. Wape wabishane kwa Kiswahili hadi waafikiane. Kisha dakika kumi na tano za mwisho zisiguswe na mtu: kila mmoja aandike kwa Kiingereza lengo, njia, matokeo na sababu, kwa sentensi zake mwenyewe, na orodha ya istilahi iwe ubaoni. Wapo watakaokwambia unavunja utaratibu. Mimi naona aliyeelewa kwa Kiswahili anaweza kufundishwa kuyasema kwa Kiingereza. Asiyeelewa hana cha kutafsiri. Bila hizo dakika kumi na tano, jaribio lako litabaki kwenye kumbukumbu za utoto na halitafika kwenye karatasi ya mtihani. Nadhani hapo ndipo maksi zako zilipopotelea.

Kwa baiolojia, nenda kwenye kimea. Hakuna kijiji cha Ugogo kisichojua kwamba nafaka ikiota, ikakaushwa, ikasagwa, inaweza kulainisha uji na kuchachusha pombe. Wapikie, au omba jikoni shuleni, uji mzito ambao kijiko kinasimama. Uache upungue moto, uwe bado wa moto lakini hauchemki. Gawa kwenye vikombe vitatu. Kimoja tia kijiko cha kimea cha uwele. Cha pili tia kimea hichohicho kilichochemshwa kwanza. Cha tatu tia unga wa kawaida wa uwele. Wakisie, wasubiri dakika kumi, wainamishe vikombe. Cha kwanza kitamiminika. Viwili vitabaki na ubishi wao. Kimeng'enya (enzyme) cha kwenye kimea kimekata wanga, na kimeng'enya kilichochemshwa kimekufa kazi yake. Ukitaka ushahidi zaidi, nunua tinkcha ya iodini duka la dawa, ichanganye na maji, uangushe matone kwenye kigae cheupe. Kila baada ya dakika mbili chota uji kidogo, uache upoe, uweke kwenye tone. Usiposubiri upoe utadanganyika, kwa sababu rangi ya buluu iliyoiva, inayoonyesha kwamba wanga bado upo, hupotea yenyewe kwenye joto.

Nimesema uwele, sikusema mtama, kwa sababu. Miche michanga ya mtama ina kitu kinachozaa sianidi. Muulize mtoto yeyote wa mfugaji kwa nini ng'ombe hazuiwi kwenye mtama uliokomaa ila anafukuzwa kwenye mtama mchanga. Atakujibu kabla hujamaliza swali, na atakuhadithia na ng'ombe wa jirani aliyekufa. Hilo nalo ni somo la mimea kujilinda, na halihitaji kifaa hata kimoja. Lakini kimea cha darasani, cha uwele au cha mtama, asikionje mtu.

Fizikia uliyoagana nayo isikutishe; Dodoma imekupendelea. Mwalimu wa pwani anayetaka kuonyesha umeme tuli anahangaika, hewa yake ina unyevu, chaji inatoroka. Wewe kuanzia Juni hadi Oktoba una hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Kalamu ya plastiki ikisuguliwa kwenye nywele zisizo na mafuta itanyanyua vipande vya karatasi mara moja. Fundisha mada hiyo kiangazi, hata kama azimio la kazi limeiweka masika. Mkuu wako atakuelewa ukimweleza.

Chomeka mti wa mita moja uwanjani, wima kabisa, na kila wiki wapime kivuli chake pale kinapokuwa kifupi kuliko vyote kwa siku. Tuko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena tarehe 8 au 9 Oktoba, dakika chache kabla ya saa sita na nusu mchana. Siku hiyo mti hauna kivuli. Machi mawingu yanaweza kukunyima, Oktoba ni nadra. Tarehe 21 Juni kivuli cha mti huo kitakuwa karibu sentimeta 57 kikielekea kusini, na Desemba 21 karibu sentimeta 31 kikielekea kaskazini. Waulize Juni kitaelekea wapi Desemba. Wengi watasema kusini vilevile, wataandika kwa wino, na watasubiri miezi sita wakikuchunga.

Kama kuna nyumba ya tembe jirani na shule, omba ruhusa, weka kipimajoto ndani yake na kingine darasani chini ya bati, saa nane mchana na tena alfajiri. Ukuta mnene na paa la udongo vitasema vyenyewe kuhusu joto linavyosafiri. Pendulamu sihitaji kukufundisha: jiwe, uzi, saa ya simu. Ila waache wakisie kwanza kama jiwe zito litakwenda haraka zaidi. Uzi wa mita moja hukamilisha mzunguko kwa sekunde mbili hivi, jiwe liwe dogo au kubwa, na ubishi utakaozuka unatosha kipindi.

Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne ni habari nyingine, nao hauna huruma. Huko wanatakiwa mikono iliyozoea. Kwa kupima asidi na besi, wazoeshe kwa sindano za plastiki, siki na maji ya magadi, na kiashiria chao kiwe rozela iliyochemshwa, au maganda ya zabibu nyekundu kutoka kwa wakamuaji wa mvinyo, ambao huku kwetu huvuna mara mbili kwa mwaka na makapi wanatupa. Rangi ni nyekundu kwenye asidi, na inakwenda kwenye kijani ukiongeza magadi. Watajifunza kusimama kwenye tone moja. Lakini ile bireti moja nzima uliyo nayo ifunge mahali salama, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne aishike zamu yake. Sindano inasomwa kwenye ukingo wa mpira. Bireti inasomwa penye sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa uso wa maji, jicho likiwa sawasawa nao, na namba zake zinahesabiwa kutoka juu kushuka. Mtoto aliyezoea sindano tu atapoteza maksi kwa kusoma kinyume.

Kwa vipimo vya vyakula, mrututu wanaouza maduka ya pembejeo ndiyo salfeti ya shaba unayohitaji, pamoja na kostiki soda, kwa kupima protini, na ukiuchanganya na magadi na unga wa ndimu utapata dawa ya kupimia sukari. Mrututu ni sumu, kostiki soda ya watengeneza sabuni inachoma jicho. Hivyo viwili unavishika wewe peke yako, unawagawia kwa matone. Maji ya betri usiyaingize kabisa kwenye chumba chenye watoto 80. Na zile chupa zilizofutika lebo usizinuse, usizimwage, usizijaribu; waandikie ofisi ya elimu ya wilaya waje wazione.

Kundi la watoto 80 haliwezi kufanya jaribio kwa pamoja. Nusu wafanye, nusu wakae na daftari wakikokotoa na kuchora grafu za namba za jana, halafu wabadilishane. Vikundi vya watu sita, na kila mtu awe na cheo: mpimaji, mwandishi, mtunza muda, mshika vifaa, msemaji, na wa sita awe mbishi. Ndiyo, mbishi. Kazi yake ni kuuliza kila wakati "umejuaje?" Vyeo vizunguke, la sivyo wavulana watapima mwaka mzima na wasichana wataosha chupa.

Mawazo zaidi yapo, na mengi ni bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Pakua siku ukienda mjini. Unesco walitoa mwaka 1956 kitabu kinene cha mwalimu wa sayansi asiye na maabara, kilichotokana na kijitabu kilichoandikwa baada ya vita kwa nchi ambazo shule zake zilibomolewa, kwa hiyo kila kifaa humo kinatengenezwa kwa makopo na waya; kinapatikana kwenye maktaba yao ya kidijitali. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina maabara za kuchezea kwenye kompyuta, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na ukishapakua zinafunguka bila mtandao. Hizo zitumie kwa vitu visivyoonekana, kama mkondo wa umeme au chembechembe za gesi. Kwa vinavyoonekana, tumia vyenyewe. Fundi redio wa mnadani atakupa sumaku za spika zilizokufa na waya wa shaba kwa bei ya chai. Na ile ramani ya maji ya kata ikikamilika, ipelekeni kwa Young Scientists Tanzania, walioanzishwa mwaka 2011, wanaoshindanisha tafiti za wanafunzi wa sekondari. Kazi kama hiyo inafaa kabisa kwao.

Yule mama mwendee nyumbani, umsalimie, umrudishie unga wake. Kisha weka sheria: mtoto halazimishwi kuleta chakula. Alete chupa tupu, alete maji ya kisimani kwao, alete jivu. Kikombe cha uji omba kwa mpishi wa shule.

Kwa mwalimu wa taaluma usijibizane naye ofisini. Mpelekee madaftari mawili ya wanafunzi wa kawaida, siyo wale wa mbele, yenye makisio, namba, grafu na maelezo ya Kiingereza ya ule ugumu wa maji. Mwambie mada moja ya kidato cha tatu imeshafundishwa nusu, na umeokoa vipindi. Mtu wa taaluma anaelewa lugha ya vipindi.

Kwa mkuu wa shule omba kwanza ufunguo na vijana wa kuyatoa madawati, kabla ya kuomba hela. Hela ikipatikana, hata kidogo, nunua kwa mpangilio huu: sindano za mililita 5 na 10, nyingi kadiri inavyowezekana, vipimajoto viwili, mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali, iodini, ndoo yenye bomba na beseni, maana sinki lako halina maji, kisha bireti. Chati za ukutani usinunue, wanafunzi watazichora.